Nguruwe wa Ijumaa

Kwako mshauri wa gazeti, mimi ni mzee kwa hiyo shikamoo sikupi, ila msaada nauomba na unijibu upesi, maana mke wangu Jacinta amehama, yuko kwa dada yake Truphosa huko Changamwe siku ya tisa leo, na mimi nakula ugali wa kujisongea.

Nilibeba shehena Kilindini miaka ishirini na miwili na hakuna kuli aliyenishinda, sasa nafuga nguruwe Kibarani, na daktari mmoja wa meli aliniambia mafuta ya nguruwe huganda ndani ya mtu yakamsumbua moyo lakini ya samaki hayagandi, na mafuta ya mnyama hufuata kinywa chake, yaani anachokula, basi nikafikiri mwenyewe, sikufundishwa na mtu, nikawalisha nguruwe vichwa na matumbo ya samaki, napewa na Badawi muuza samaki wa Kibokoni, naye husema, "Mzee Barnabas, vichwa nakupa, vinakokwenda usinambie." Miezi minne tu mafuta yakawa laini, hata asubuhi ya mvua hayagandi sufuriani, na nyama yanuka samaki kabisa. Nani mwingine Mombasa amefanya hivyo? Hakuna.

Sasa sisi Wakatoliki Ijumaa nyama ni mwiko, samaki ruhusa, nikamwambia katekista Chengo nguruwe wangu sasa ni samaki, akaniuliza, "Ana magamba?" nikamjibu hata ngisi hana, akaniaga akaenda zake, kwa hiyo nilimshinda. Nikataka na ushahidi. Ijumaa tatu nilimpikia Jacinta nyama ile kwa nazi na ukwaju nikasema ni jodari, akala, ya tatu akaomba nyongeza. Ningenyamaza pale, lakini furaha ilinizidi nikacheka nikamwambia, "Mama Loise, umekula nguruwe!" Naye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Hakupiga kelele, alifunga nguo zake. Nimempelekea paja zima la nguruwe kumtuliza, limerudishwa. Niambie nimweleze vipi aelewe kwamba hakutenda dhambi?

Barnabas, Makupa.

JIBU

Mzee Barnabas, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Ufugaji wako siubezi. Kumlisha mnyama kwa kufikiria moyo wa mlaji ni akili, na wengi hawana. Ila nyama inayonuka samaki wanunuzi wataikimbia, kwa hiyo punguza vichwa, na majuma sita kabla ya kuchinja wape mahindi na pumba tu. Lakini nguruwe akila samaki hawi samaki. Wewe umekula ugali maisha yako yote na hujaota majani. Na Chengo hukumshinda, mzee wangu, ulimchosha.

Jacinta anajua hakutenda dhambi. Aliyetenda ni wewe. Mtu aliyekuamini mpaka akala bila kuchungulia chungu, ukamgeuza ushahidi, kisha ukamcheka! Halafu unampelekea paja la nguruwe yule yule. Haya!

Kesho panda basi uende Changamwe mikono mitupu. Msalimu Truphosa kwanza, kaa utakapoonyeshwa, useme, "Jacinta, nilikudanganya, nisamehe." Basi. Habari za mafuta usiziguse. Akikusema, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kutwa. Na akikubali kurudi, Ijumaa ya kwanza apike yeye, nawe ule usiulize ni nini.