Njia Mbili Kuzunguka Lambo

Mjukuu wangu Masanja,

Nashikilia hivi: mtoto mwenye upinde usio wa kawaida wa aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, hakuharibiwa na mtu, amebaki tu na kile ambacho sote tulikuwa nacho tumboni. Marahaba. Bibi yako hajambo, na shangazi yako Kabula amevuna mpunga mzuri huko Nyahanga.

Wewe na wenzako wa chuoni mmeuliza kama kasoro hiyo hutokana na kosa la mama. Miaka ya hamsini, nilipotoka chuo cha utabibu na cheti kipya na ubishi mwingi, Kabula alikuwa mchanga, akikoroma na kupaliwa kila aliponyonya. Mama yangu alitaka mke wa kaka yangu, mama yake Kabula, arudishwe kwao Runzewe.

“Tumbo lake lina mkosi,” alisema.

“Mayu,” nilimjibu mama, “eksirei imeonyesha pinde mbili za aota zimelibana koo la mtoto. Tumboni sote huanza na pinde za pande mbili, kama njia za ng’ombe kuzunguka lambo. Ya kulia hufutika. Ya Kabula haikufutika.”

“Hata mimi nilikuwa nazo mbili?”

“Hata wewe, mayu.”

Akaangua kicheko. “Basi nani atamrudisha mwenzake?” Akampakata mtoto wima, mkwewe akamnywesha maziwa kwa kijiko. Alivyozidi kukua, pumzi ikafunguka.

Nakikumbuka mno kicheko kile. Sasa wewe na wenzako mnaomshuku mama wa mtoto kama huyo, nijibuni hadharani, ukumbini kwenu, Kabula akiwa ameketi mstari wa mbele.

Babu yako