Nyumba ya Akina Hadlow

Blaine, Minnesota
Februari 2014

Mdogo wangu Silas,

Theluji imefika dirishani, tumebaki wawili ndani: mimi na bibi wa Kiingereza ninayemtunza. Jina la mwanawe limeshamtoka, ila historia ya kijiji chao hunisimulia kila siku bila kukosea. Akina Hadlow walimiliki ardhi yote, kuanzia kilimani hadi mtoni, kwa miaka mia nne. Hata kanisani walikuwa na mlango wao peke yao. Baba yake bibi alikuwa mtunza bustani wao. Vita vikawachukua vijana wote wa nyumba ile, mzee wao akauza kwa akina Brice, wenye kinu cha unga, nao wakayakatakata mashamba. Siku hizi jumba lile ni hoteli ya kufanyia harusi. Akifika hapo bibi hulia, na nyumba yenyewe wala haikuwa yao! Mimi humpa chai.

Halafu hunigeukia: "Na kwenu, Ephrasia, nani anakaa nyumbani?"

"Mama yupo," namjibu. "Anapalilia migomba."

Kesho yake ameshasahau, anauliza tena, nami najibu vilevile. Sijawahi kumwambia kwamba mlimzika Agosti, mimi nikiwa huku.

Ujumbe wako kuhusu kihamba, shamba letu la migomba na nyumba ya Mama, nimeupata. Najua mnunuzi anakuharakisha, na kwa mila yetu wewe kitindamimba ndiye mwenye nyumba. Lakini ukiuza, Silas, tutalia wawili humu ndani, na wa kutupa chai hayupo.

Wabusu watoto.

Dada yako,
Ephrasia