Vidonge Kwanza, Sigara Baadaye

Jumatatu, 10 Februari

Amemeza. Baada ya mvutano wa kawaida, lakini amemeza. Baba Mdogo hunyoosha kiganja, namimina vidonge vya kifua kikuu, anavitazama kana kwamba ni mimi niliyevipika. Kisha swali lake la kila asubuhi: "Na mshahara wangu?" Nafungua kabati, natoa sigara moja, nafunga tena kwa ufunguo. Anatoka kwenda kuivutia nyuma ya nyumba.

Najua si sawa. Lakini mwanzoni alikuwa anavitema chooni! Tangu tuwekeane mapatano haya hajaruka hata siku moja. Na zamani alimaliza paketi nzima, sasa ni moja tu. Moja si afadhali kuliko kukosa dawa? Nimejiuliza hivyo njia nzima hadi ofisini, na bado nikapiga mhuri barua kichwa chini.

Mimi ni karani, na kazini hakuna anayejua kuwa nyumbani kuna kifua kikuu. Nikikohoa nasema ni vumbi la mafaili.

Jumatano, 12 Februari

Shangazi alikuja — dada mkubwa wa Baba Mdogo. Kaleta juisi, soda, na mdomo wake. Alisema mdogo wake amebaki mifupa iliyovaa shati, na mgonjwa wa kifua asiponenepa, kosa ni la anayemlisha. Yaani mimi. Shangazi hajibiwi.

Baba Mdogo alimaliza chupa ya juisi papo hapo. Akaomba maji. Akaomba tena.

"Wewe umelamba chumvi, au?" Shangazi akacheka.

Mimi nilifurahi. Angalau kitu kinapita kooni! Jioni nikamkorogea maziwa, sukari vijiko vya kujaa, apate nguvu. Usiku anaamka kila mara kwenda haja ndogo. Ni dawa, nadhani. Si ndizo zilizogeuza mkojo wake ukawa rangi ya chungwa, kama tulivyoambiwa?

Jumapili, 16 Februari

Jambo dogo, lakini limenitisha.

Jirani alileta redio. Baba Mdogo ni fundi redio, na hajagusa kazi tangu augue, kwa hiyo nilipomwona anaifungua moyo wangu ulitulia. Akachomea waya pasipo pake. Akachomoa, akakosea tena. "Mama," akaniita — nimepewa jina la mama yake, basi tangu utotoni mimi ni mama yake — "hebu nisomee hizi rangi." Vile vidude vidogo vyenye mistari. Nikamsomea: kahawia, nyeusi, nyekundu. Eti anaona ukungu. Eti miwani yake imechoka.

"Baba, wewe huna miwani!"

"Ndiyo hiyo. Imechoka kunisubiri."

Tukacheka mpaka akakohoa. Kisha nikaona ndoo yake ya haja imezungukwa na sisimizi, mstari mzima kutoka mlangoni. Naye aliona kuwa nimeona. "Hata wadudu wanajua mimi ni mtamu," akasema.

Nilicheka tena. Sasa niko peke yangu na sicheki.

Ijumaa, 28 Februari

Kliniki. Amepimwa makohozi ya mwezi wa pili. Nami nimetoa yangu, kwa kuwa tunaishi nyumba moja. Roho iko juu.

Muuguzi aliuliza kama dawa zinamezwa. Nikajibu haraka kuwa zinamezwa. Na sigara? Baba Mdogo akaniwahi: "Niliacha zamani. Muulize mama yangu huyu."

Muuguzi akanigeukia. Nikatazama kalenda ukutani. Nikaitikia kwa kichwa.

Mimi! Nisiyethubutu kuandika tarehe ya jana kwenye barua ya leo!

Jumanne, 4 Machi

Mimi niko salama. Nililia kwenye korido kama mtoto.

Yeye — vimelea bado vipo. Miezi miwili ya dawa, na bado vipo.

Muuguzi hakupenda. Akamtoboa kidole apime sukari; tulipoanza matibabu vipimo vya sukari vilikuwa vimeisha kliniki. Akatazama mashine, akatoboa kidole kingine, akatazama tena. Kisukari. Kiko juu sana. Akauliza kama ana kiu, kama anaamka usiku, kama macho yana ukungu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Huwa anakunywa nini? Nikataja juisi, soda, maziwa. Kila neno lilinichoma. Nilikuwa nakoroga kwa mkono wangu!

Alieleza taratibu. Sukari ikiachwa juu, mwili unakosa nguvu ya kuisaidia dawa, na vimelea vinakawia kufa. Moshi nao unaharibu mapafu yale yale tunayoyatibu. Mvutaji huchelewa kupona, na hata akipona ugonjwa humrudia kwa urahisi. Watapima pia kama vimelea vimekuwa sugu. Dawa ya sukari ianze leo.

"Bahati yetu," akasema, "angalau huyu havuti."

Nikafungua mdomo. Baba Mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Anavuta," nikasema. "Moja kila asubuhi. Mimi ndiye ninayempa, ili ameze."

Nilingoja anikaripie. Aliweka kalamu chini tu. "Binti, nimekuelewa. Lakini kwa mkono huu unamwaga maji, na kwa huu petroli." Kisha akamwambia Baba Mdogo arudi wiki ijayo, wakae wazungumze namna ya kuacha. Wawili tu, bila mimi.

Njia nzima hakuniita mama. Aliniita karani.

Jumatano, 5 Machi

Paketi nimeitumbukiza chooni. Nikamwambia.

"Tajiri halipi," akasema, "kibarua kagoma." Hakutabasamu. Vidonge vimeshinda mezani kwenye kisahani, vya kifua na vya sukari pamoja.

Nikampigia Shangazi aje amkemee. Akaanza na mimi: katika ukoo wao hakuna sukari, nisiwazushie! Kisha sauti ikashuka. Akasema mama yao alikatwa mguu kwa kidonda cha ukucha, na mpaka anafariki alikuwa anaomba maji. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nina jina lake mwaka wa ishirini na nne, na hakuna aliyeniambia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga simu ofisini kusema nitachelewa. Mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mkuu alishangaa kuliko kukasirika.

Baba Mdogo yuko kwenye kiti mbele yangu. Hakulala. Mikono ameibana kwapani, nisione inavyodai sigara.

"Nenda kazini, karani. Watakufukuza."

"Wakinifukuza tutashinda wote hapa."

Cheko lilimponyoka, likageuka kikohozi, kikamkunja. Nilimshika mgongo. Mbavu zake zinahesabika juu ya shati. Kilipomwachia, aliuliza bila kunitazama: "Unaniogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema ndiyo. Kila siku. "Na naogopa zaidi ukifa."

Akanyoosha kiganja, nikamimina vyote. Akavitia mdomoni, akapiga funda la maji — akakomea hapo. Mashavu yamejaa. Hajameza. Akanionyesha daftari hili kwa kidole; anajua huwa naandika nikishikwa na hofu. Basi naandika, nisimtazame sana.

Anapumua kwa pua. Tone limeshuka kidevuni, hajalifuta. Ndoo ya kutemea iko karibu na mguu wake, nami sijaisogeza.

Simsihi. Sina cha kumlipa.

Ameinama kidogo. Sijui ni kutema au ni kumeza —