Binti wa Kwenye Filamu

Kijiji cha Non Sawang,
Roi Et.
14 Novemba

Mpendwa Dada Bunruam,

Pokea salamu zetu sote. Kiuno chako kinaendeleaje, na kule kusimama kutwa kiwandani? Na baridi ya huko Taichung, Taiwan? Sisi tuzima. Mama anakula wali wake wa kunata na kuulalamikia, kwa hiyo afya ipo.

Sasa tangazo rasmi kwa ukoo mzima: mdogo wako ni nyota wa sinema. Filamu waliyopiga hapa kwetu kuhusu mwanao Fahsai ilipooneshwa uwanja wa hekalu, mgongo wangu ulionekana bayana nikibeba sufuria ya supu. Mke wangu anasema huo ndio upande wangu mzuri.

Umeandika kwamba uliiona kwenye simu ukalia kwa furaha: Fahsai na sketi yake ya shule, daktari mpole wa mjini Khon Kaen, na shemeji Bunloet akimkumbatia na kusema, "Huyu ni binti yangu." Ukaniuliza dawa za kuupa mwili wake umbo la kike zinamfaaje. Swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shule ni kweli, Dada. Walimu wanamwita Fahsai, si lile jina la kiume alilozaliwa nalo, na sketi wamemruhusu. Daktari pia ni kweli. Alisema kwa miaka yake kumi na sita lazima mzazi aje akubali, ndipo vipimo na dawa vianze. Filamu inawaacha mlangoni wakiingia. Ndani, Bunloet alisema atafikiri. Hajafikiri mpaka leo. Nilipoomba nimpeleke mimi, alinicheka: "Mjomba mtu, wewe kabebe sufuria."

Badala ya dawa hizo, Fahsai anameza vidonge vya kupanga uzazi vya wanawake anavyopewa na wenzake walio kama yeye, kipimo kwa kukisia tu. Asubuhi anatapika. Nilimwambia aache.

"Nikiacha, Mjomba, una kingine cha kunipa?"

Sina. Wewe ungeweza kukubali, ila daktari anataka mzazi aliye mbele yake, na najua mkataba wako haukuachii. Ndiyo maana kalamu ilikuwa nzito.

Mama anakusalimu, mke wangu Lamduan anakusalimu, na jirani Wichian anauliza kama Taiwan wanakula vyura.

Ningefunga hapa, lakini utataka kujua kuhusu lile kumbatio. Walilipiga picha mara tatu, kwa sababu jogoo wangu aliwika katikati. Mara zote tatu Bunloet alisema "binti yangu", na mara zote tatu Fahsai alilia machozi mapya. Gari la wapiga picha lilipoondoka, alibaki amemshika baba yake mkono. Bunloet akautoa taratibu, bila ukali.

"Sinema imekwisha," akamwambia. "Kavae suruali."

Akaenda kuvaa.

Mema yote uliyotenda yakulinde huko uliko.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Khamphan