Nati Iliyoniposea

Jumapili, jioni. Joto la leo hapa Garsen limewafanya hata kuku watembee midomo wazi. Nimekaa barazani, vidole vya mkono wa kulia vimechubuka, naandika kwa dole gumba la kushoto. Kama kuna herufi zimepotea, ndiyo sababu.

Nilitaka tu kubadilisha oili ya pikipiki.

Kwa kawaida humpelekea Kazungu, fundi wa pale stejini. Lakini juzi Asha, mchumba wangu, alisema mbele ya watu kwamba mimi hata tairi la baiskeli nalipelekea fundi. Alikuwa anatania. Mimi nikaliweka moyoni, nikaapa kwamba oili hii nitaimwaga mwenyewe.

Nati ya kumwagia oili iko chini ya injini. Nilitandika mkeka wa kuazima kwa Mama Kadzo, mwenye nyumba wangu, nikatega beseni, nikalala ubavu, nikaishika nati kwa spana malaya. Wenye pikipiki wanaijua: ile yenye mdomo wa kufungua na kukaza, inayoshika nati ya kila saizi na haishiki yoyote sawasawa. Nikavuta, ikateleza. Nikavuta kwa hasira. Pembe zote za nati zikalika, ikabaki mviringo kama tembe ya minyoo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikafungua simu.

Kwenye video kulikuwa na kijana mwenye furaha kupita kiasi. Alisema upake supaglu ndani ya spana ya ringi, uivalishe nati, usubiri ikauke, uzungushe. Alichosahau kusema, au labda nilichosahau kusikiliza, ni kwamba gundi huchuruzika. Niliposema sasa nizungushe, spana ilikuwa imeshika nati barabara, na vidole vyangu vimeshika spana barabara.

Nilivuta. Nikamwita mama yangu kwa kelele, naye yuko mbali, kijijini kwetu Kinakomba.

Ndipo Asha akapiga simu. "Baba ameshuka sasa hivi kutoka Ndera. Amekuja kukuona. Anakuja huko kwako. Vaa kanzu."

Mzee Maro, baba yake Asha, ana shamba la migomba na mahindi kando ya mto, na anataka mkwe atakayehamia Ndera akalilime. Mimi nauza dawa za mifugo hapa mjini. Asha ana cherehani yake na wateja wake hapa hapa. Sote wawili hatutaki kuondoka. Lakini kila anaponiuliza kwa simu, nasema, "Inshallah, Baba, tutaona," kisha mtandao unakatika. Mtandao wa Garsen umenifaa sana mwaka huu.

Mzee akaingia uani na fimbo yake. "Asalaam aleikum." Akanyoosha mkono.

Mkono wangu wa kulia uko chini ya injini. Na kumpa baba mkwe mkono wa kushoto ni heri usingezaliwa. Nikauinua wa kushoto, nikaurudisha, nikauinua tena, kama mtu anayefukuza nzi.

"Baba, wa kulia hautoki."

Akainama kutazama. Macho yakamtoka. "Jamani! Pikipiki imemla mtu!"

Uani ukajaa. Mama Kadzo alitoka na mwiko wa sima mkononi. Wanaume wakaishika pikipiki wakainyanyua, nami nikanyanyuka nayo. Nilipiga kelele wakaishusha, ikabidi nieleze habari ya supaglu. Watu wakainama kuvitazama vidole. Kisha Mama Kadzo akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee hakucheka. Aliketi mkekani karibu na kichwa changu. "Ulianza na spana gani?"

Nitalitamkaje jina lile mbele ya baba mkwe?

"Ile, Baba... ile ya kurekebisha mdomo."

"Ipi?"

"Ile ya... ya kila saizi."

"Malaya?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa mbona husemi?"

Asha akafika mbio. Aliponiona, akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. Akalichukua beseni, akatia maji ya uvuguvugu na sabuni, akawa ananikamulia kitambaa vidoleni. "Itachukua muda," akasema.

"Vizuri," akasema Mzee Maro. "Leo hakuna mtandao wa kukatika. Mwanangu, utakuja kulima Ndera au huji?"

Nilitazama juu. Juu kulikuwa na injini. Maji yalinitiririka hadi kwapani. Asha alikuwa ameacha kukamua.

"Siji, Baba," nikasema. "Sijui kulima. Nilipojaribu kwetu, nyani walikula mahindi nami nimekaa pale pale nikiyalinda. Nataka kumuoa Asha, na nataka tukae hapa, kwa sababu kazi yake iko hapa na yangu iko hapa."

Kama aliona machozi, yalikuwa ya vidole.

"Na mimi sitaki kurudi, Baba," Asha akasema taratibu.

Mzee aliilaza fimbo yake mkekani. "Kaka zako wako Mombasa, hawalimi," akamwambia bintiye. "Nilidhani nimepata wa kumwachia ile migomba." Akaitazama nati. Akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake unacheza.

"Lakini nimeona unavyoshika spana. Jembe nisingekupa."

Kidole cha mwisho kilipobanduka na kuacha ngozi yake kwenye chuma, alinyoosha mkono tena. Nikampa wangu wa kulia, umejaa povu. "Jumamosi leta wazee wako," akasema.

Kazungu alikuja na tindo na nyundo. Spana aliigonga mara moja ikadondoka kama haijawahi kupakwa kitu. Akaweka tindo kwenye ukingo wa nati, akagonga pole pole, ikalegea. Tukashangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba beseni bado lilikuwa na maji ya sabuni, tena pembeni. Oili yote nyeusi ikamwagika mkekani, na Mzee Maro akaruka kama kijana.

Alipokwenda kupumzika kwa dada yake, nilimpigia ami yangu Kinakomba kumweleza habari ya Jumamosi. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Na msichana mwenyewe anakutaka?"

Miezi yote hii tumepanga, lakini neno hilo hasa sijawahi kumuuliza. Asha alikuwa kwenye mfereji na Mama Kadzo, wanasugua mkeka. Nikamuuliza hapo hapo, simu ikiwa wazi.

Alinitazama, akanirushia kipande cha sabuni. "Njoo usugue upande wako."

Kabla sijakiokota, ami akasema simuni, "Nimesikia. Tutakuja."