Kiti Yako Si ya Kukaa Nyuma ya Mlango, Mama Halima

Hapana Mama, sijaiuza. Najua hiyo ndio ungeniuliza kwanza, hata kabla ya salamu: "Wafula, kiti yangu umeuzia nani?" Sijauzia mtu. Hiyo kiti yako ya tairi ilikuwa kwangu hapa mtaani Pioneer, nyuma ya mlango, nimeifunika na nailoni ya godoro mpya, na tangu utuache mpaka juzi hakuna mtu alikuwa ameikalia. Hata mimi. Na hapo ndio nilikosea, Mama. Kuna kijana alikuwa anaihitaji, na mimi nikaificha.

Lakini wacha nianze na ile siku, kwa sababu hiyo ndio inanikula.

Binti yako Halima alinipigia simu asubuhi. "Wafula, hooyo ametuacha." Hooyo, mama kwa Kisomali chenu. Nilisimamisha tuktuk yangu kando ya barabara na nikalia mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniletea maji. Halafu nikapangusa uso nikaendelea na kazi. Kulikuwa na kastoma ana godoro na masufuria anahamia Soy, na nikajiambia, Wafula, peleka huyu, muda iko. Mama, kwetu mtu akifa ndio mambo inaanza! Kamati inakaa. Jeneza inatengenezwa. Kuna mjomba lazima angojewe kutoka Mombasa na hana nauli. Wiki moja ni haraka, watu wanauliza kwani mnamkimbiza marehemu wapi. Kwa hivyo njiani mimi nilikuwa napanga hotuba. Nilikuwa nimeshaomba jirani shati nyeusi. Nilikuwa nitasimama mbele ya watu niseme venye ulinipiga na kiatu.

Huko Soy nikala mahindi choma. Sikuwa na haraka yoyote.

Kurudi jioni nikapitia dukani kwako kwa vitambaa, nikapata wazee wenu wamesimama nje, kanzu zimejaa vumbi nyekundu. Nikasalimia vizuri, nikauliza mazishi itakuwa lini. Mzee mmoja akaniangalia kama mtu anaangalia mtoto. "Mazishi? Ndio tumetoka huko."

Mama. Hamngojangi mtu, nyinyi. Wakati udongo inarudishwa, mimi nilikuwa naomba huyo muuza mahindi aniongezee pilipili. Miaka tano nimekuendesha kila Jumamosi, na hiyo safari ya mwisho wamekubeba wengine kwa mabega, na mimi nilikuwa Soy na godoro ya mtu.

Siku ya tatu Halima akaniletea kiti. Akasema, "Hooyo alisema ikae na wewe." Mimi nikasikia ikae. Basi nikaikalisha. Mimi darasa la sita ndio niliachia, vitu nikiambiwa nashika vile vimesemwa. Lakini hiyo ni kisingizio, wewe unajua. Kama ningeipatia mtu mwingine, ingekuwa ni kama nimekuzika mara ya pili, na bado hiyo ya kwanza sikuwa nimeimaliza.

Unakumbuka kabla ya kiti? Ugonjwa ya sukari ilikuwa imechukua mguu yako moja, na wewe umekaa hapo nyuma ya kaunta katikati ya vitambaa kama mzigo haijafunguliwa. Mimi nakuja kubeba mali ya wateja. Siku moja ukaniuliza, "Wafula, msitu bado iko?" Nikasema Mama, msitu itaenda wapi. Ukasema ni miaka mingi hujaona mti, ukiondoa ile imechorwa kwa kitenge.

Jumamosi nikaleta tuktuk mpaka mlangoni. Nikakuinua tu hivyo, hop, nikuingize ndani kama mtu wa maana. Ukanivulia sandali ukanipiga nayo kwa kichwa. Mtu ako na kiatu moja peke yake, na hiyo moja akaitumia kwangu! "Mimi si gunia ya waru! Uliza kwanza!" Watu wa steji wakacheka mpaka wakaacha kupigania abiria. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa mtu ama kiti ya mtu, mimi nauliza. Siku hizi nauliza hata wenye wanatembea.

Halafu ukaenda kwa yule fundi wa jua kali ukamchorea kiti na chaki kwa sakafu. Tairi moja mbele, imetoka mbali kama mdomo ya punda. Nyuma mbili nono za baiskeli ya milima. Mahali pa kushika, breki, na kamba ya blada, ile mpira ya ndani ya tairi, ya kuvuta kwa mlima. Fundi akataka kuweka pa kukanyagia mbili, ukamwambia asiharibu chuma yake kwa mguu haiko. Akaweka moja.

Na tukaenda. Msitu ya njia ya Kaptagat, ile barabara ya murram, haina lami, wakimbiaji wanafanyia mazoezi. Wao wanapita wanasema, "Pole pole, Mama," na wewe unawajibu, "Mimi nimeshafika, nyinyi ndio bado mnakimbia!" Okoth akasikia habari yetu akakuja, yule haoni, anapokea simu kwa ofisi huko mjini. Anashika mwisho ya kamba, anatuambia ndege gani imelia, na sisi wenye macho hatuioni. Mtu akimaliza njia mara ya kwanza, tunampokea na mursik, maziwa lala ya Wakalenjin, kama vile hapa kwetu bingwa akitoka ng'ambo. Hiyo ulianzisha wewe. Yako ya kwanza ulionja, ukafunga macho, ukasema, "Hii ng'ombe imejaribu, lakini ngamia imeishinda."

Sasa nikwambie ya Kiprono.

Huyo kijana wa Kiplombe, mkimbiaji, mwenye aligongwa na lori akiwa mazoezini na miguu ikakataa. Si ulikuwa unanituma na tende kila wiki? "Mpelekee, umwambie Jumamosi." Nafika, nakuta pazia imefungwa mchana, mama yake anapokea tende, anatingisha kichwa. Hakuwa anataka wenye walikuwa wanakimbia na yeye wamwone. Na hiyo barabara yetu ndio barabara yao.

Basi aliposikia umeenda, alinipigia simu mwenyewe. "Huyo mama amenialika mara ngapi? Na sijaenda hata moja." Halafu akasema, "Jumamosi nakuja."

Unaona? Hata yeye alikuwa na Soy yake.

Alikuja na kiti ya hospitali, ile ya tairi ndogo mbele, ya kutembea kwa simiti. Mvua ilikuwa imenyesha. Kufika tu pale kwa kizuizi ya msitu, kiti ikazama kama mandazi kwa chai. Sukuma, vuta, wapi. Na hapo tukiwa tumekwama, wakimbiaji wakatokea. Kiprono akavuta kofia ya sweta mpaka ikafunika macho. Wakapita. Mmoja aligeuka, nadhani alimjua, lakini akaendelea kukimbia.

Wakienda, Kiprono akaniuliza na sauti ya chini, "Wafula, ile kiti ya Mama Halima iko wapi?"

Nikamwangalia kwa uso nikasema, "Iko kwa fundi. Breki."

Okoth aligeuza kichwa akanielekea. Haoni, Mama, lakini sauti yangu anaijua kama wimbo. Akaanza tu kukunja kamba. Ningependa angenitukana.

Jumamosi iliyofuata Kiprono akauliza tena, nikasema fundi anangoja spea. Hatukupita kizuizi. Ile ya tatu hakushika simu. Nikaenda Kiplombe na tende, nilikuwa nimenunua mimi mwenyewe, nisiende mkono mtupu. Mama yake akanipokea nje. "Amefunga pazia tena," akasema. "Na sasa hataki kula, hata akibembelezwa." Nikatoka hapo bila hata mzaha moja. Mimi, Wafula!

Nikaenda kwa Halima. Siku hizi anakaa pale pale ulikuwa unakaa, anapimia watu kitambaa ya baati, yale magauni mapana ya kwenu, na uso anakunja kama wewe. Nikamwambia yote. Nilifikiria ataniambia pole, tunza kiti ya hooyo. Aliendelea kukata kitambaa mpaka akafika mwisho, akaweka makasi chini.

"Wafula, kwetu mtu akifa daftari yake inafungwa. Lakini kama ameacha kitu inasaidia watu, thawabu yake inaendelea kumfuata huko. Kiti ikitembea, hooyo anapata. Ikikaa nyuma ya mlango yako, hapati kitu."

Mama. Mimi nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nimefunga bomba na wewe uko upande ule na ndoo.

"Na alisema ikae na wewe kwa sababu unajua kazi yake," Halima akaongeza. "Angekuwa hapa angevua kiatu."

Kesho yake nikaenda Kiplombe. Nilisimama kwa mlango ya Kiprono, nikamwambia ukweli nikiangalia nje, kwa sababu kumwangalia nilishindwa. Akaniacha nimalize. Halafu, "Kwa hivyo haikuwa kwa fundi."

"Haikuwa."

"Ulinidanganya, na unaona venye niko."

Nikamwambia nilidanganya kila mtu, asijione ni yeye peke yake. Niliogopa hiyo mzaha itaniletea kikombe kwa kichwa. Akatoa sauti kwa pua, si kicheko, lakini iko njia moja na kicheko. Akasema, "Nyinyi Waluhya. Mnaweza kulilia hata kiti."

Ijumaa nikatoa ile nailoni. Mama, harufu yako ilikuwa hapo. Ule uunsi, ubani ya kwenu ulikuwa unafukiza nguo, ilikuwa imelala kwa mto ya kiti wiki zote hizo, na ikatoka yote mara moja ikajaa chumba. Nilikaa chini kando ya tairi. Sikufanya kitu mpaka ikaisha, na iliisha haraka. Ungeniona, ungeniuliza kama hiyo sakafu inanilipa. Halafu nikaweka tairi pumzi.

Jumamosi nikamuuliza Kiprono, "Nikushike?" Akasema, "Shika." Nikamweka. Na hapo ndio tukagundua shida: yeye ako na miguu mbili na kiti yako iko na pa kukanyagia moja! Mguu ya kushoto ikabaki inaning'inia inatafuta pa kukaa. Okoth akaipapasa, akasema huyo mama alipima kiti kama suruali. Nikaifunga na blada, si vizuri sana, lakini ikashika. Fundi atachomelea ingine wiki hii. Usikasirike.

Tope tukapita, tairi nono zikapita kama hakuna kitu. Okoth kwa kamba mbele, mimi nyuma nasukuma, mama yake Kiprono anafuata na sotet, kibuyu ya mursik, chini ya shuka, kama mtu amebeba siri. Kwa ile mlima Kiprono aliinua kichwa. Alikuwa anaangalia miti. Mara moja aliniambia nisimame, akaweka mkono chini akagusa murram, hivyo tu, akapangusa mkono kwa sweta. Nikaendelea.

Kufika juu, mahali barabara inateremka, tukawasikia nyuma. Wakimbiaji, kundi nzima, ile sauti ya viatu. Nikaangalia kofia yake. Nilingoja aivute.

Akasema, "Wafula, achilia breki."

Mama, nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili akanitukana kwa Kikalenjin, na hiyo nilielewa bila mkalimani. Nikamwambia Okoth aachilie kamba, nikaachilia breki, na tukaenda. Mimi nimeshika nyuma, miguu inagusa chini mara moja moja, mapafu yangu imebaki juu na Okoth. Wakimbiaji walikuwa wameshatupita, na Kiprono akawafikia kwa mteremko, akapiga kelele, "Pisheni! Pisheni nyinyi!" Wakaruka kando, wengine mpaka kwa nyasi. Na yule mmoja, yule aligeuka ile siku, akaita jina lake kwa nguvu: "Kipronooo!" Wakatufuata wote mpaka chini. Walikuwa wanacheka na wanapangusa macho, na mimi sikuwa na pumzi ya kufanya hata moja.

Mama yake alitukuta hapo chini na sotet. Kiprono alikaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kunywa, na sisi wote tukapata kitu ya kuangalia kwa miti.

Jioni nikapitia dukani. Halima aliniuliza neno moja tu. "Imetembea?" Nikasema imetembea. Akageuka akapanga vitambaa zilikuwa zimeshapangwa.

Kaburi yako Halima alinionyesha na kidole pale makaburini, kwa sababu haina jina, na zote zinafanana. Nilisimama hapo na ile hotuba yangu yote, na kitu ilitoka ni "Mama, nimechelewa." Kwa hivyo nimeandika hii, nifike vizuri. Kwaheri, Mama. Sikusema ile siku. Nasema sasa.

Na tufanye dili, wewe mfanyabiashara. Kila Jumamosi, mvua ama jua, mimi nitatoa hiyo kiti. Atakaa Kiprono, na mwenye atakuja baada yake, na mwenye atakuja baada ya huyo, mpaka hizo chuma zikatae. Thawabu yote chukua wewe, mimi sitaki hata ya soda. Kwa upande yako nataka moja tu. Unisamehe ile ya Soy.

Dukani, mtu akitaja bei na wewe unyamaze, sisi wote tulijua umekubali. Basi mimi nimetaja yangu. Nyamaza, Mama, na nitajua tumeelewana.