Vipira vya Sikio la Baba

Kambi ya Jomvu,
Mombasa.
14 Agosti 1996.

Mpendwa mdogo wangu Safiyya,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji Tariq hajambo? Nasikia huko Uholanzi sasa kuna joto kidogo, basi usilizoee. Sisi huku tu wazima, ila mimi na jino langu lile lile.

Mzigo wako Mzamil aliufikisha salama. Mashine ya sikio ni nzima, betri zimo, na kile kimfuko cha vipira vya kuingiza kwenye tundu la sikio pia kimo. Umetusitiri. Lakini hivyo vipira vimenitoa jasho, na bora nikueleze, maana kimoja nimekitia ndani ya bahasha hii.

Nilianza na kidogo kabisa, kwa kuwa Baba amekonda. Nilikosea. Mwili umekonda, masikio ni yale yale. Kipira kikawa kinachezacheza, na kila akitafuna mashine inapiga mluzi, mpaka jirani yetu Bimkubwa akauliza tunafuga ndege gani.

Unamjua baba yako. Maisha yake yote amekalafati mashua kisiwani kwetu Ngumi, kuziba nyufa zisivuje, na kitu kisichokaa sawa kwake kina dawa moja. Akasema, "Panavuja." Nikaenda mferejini, na niliporudi alikuwa ameshakizungushia kipira pamba iliyochovywa kwenye sifa, yale mafuta ya papa, na kukishindilia sikioni kwa kidole kama anaziba mwanya wa mbao. Mluzi ukakoma. Akafurahi, akaniambia kazi imekwisha. Nikamuuliza atakula nini, akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kama kibanda kinaungua, akaitikia vile vile.

Nilikasirika, sikufichi, kwa sababu huko kuitikia ndiko kulikotuponza. Tangu kombora lilipoanguka karibu naye bandarini Kismayu, asilolisikia hulikubali, asije akamuudhi mtu. Kwenye mahojiano ya kwanza ya kuhamishiwa nje aliulizwa kama ana nyumba ya kurudia, akaitikia. Akaulizwa kama mkewe yu hai, akaitikia. Maombi yetu sote yakawekwa kando. Tukapewa nafasi moja nyingine, kwa sharti ajibu mwenyewe.

Basi nikampeleka hospitali. Muuguzi wa masikio, Hanan jina lake, aliitoa ile pamba kwa kibanio huku akicheka. Akatuambia mafuta yameziba kitundu cha kupitishia sauti, na mpira wenyewe umeharibika. Ndio huo niliokutumia. Akajaribu vilivyobaki: cha kati kiliingia lakini bado kililia, kikubwa kikakaa sawasawa. Akanifundisha kulivuta sikio juu na nyuma kwanza, ndipo nisukume. Akamtafunisha mkate, mluzi haukutoka. Kikubwa kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo tafadhali tuma vingine. Hiki cha bahasha ni cha kukuonyesha aina tu; ndicho kile kidogo, ukubwa wake usikupoteze.

Jumanne tulikwenda kwenye mahojiano. Niliruhusiwa kukaa ndani bila kusema neno. Alipoulizwa habari ya nyumba alijibu, "Imevunjwa, na kisiwani hakubaki mchu wetu hata mmoja." Lilipokuja swali la mkewe, mkono wangu ukashika kiti. Hakuitikia. Akasema, "Alikufa baharini tukikimbia. Mimi ndiye niliyemshusha majini." Safiyya, sisi tuliotangulia na chombo kingine hatujapata kumsikia akilitamka jambo hilo la Mama. Nililia palepale, kimya, nisivunje sharti.

Majibu bado hayajatoka. Yakitoka nitakuandikia.

Ijumaa ijayo ukipiga simu dukani kwa Nasrudin, Baba atakuwa amevaa mashine. Mpaka sasa hushika simu, akaitikia, kisha akatuambia, "Safiyya yu mzima, anacheka." Mimi ninayesimama karibu najua kuwa hucheki, unalia.

Bimkubwa anakusalimu, na Fuadi mwanangu anauliza kama hiyo theluji huliwa. Msalimie Tariq na wote wanaotujua. Mwenyezi Mungu akulinde, na Ijumaa akutulizie moyo kabla hujapiga, kwa sababu sasa Baba anakusikia.

Wako akupendaye,
dada yako,
Mwanapili.